Uji wa Kunazi wa Wifi Yangu

Nimepika uji wa kunazi mara moja tu maishani mwangu, na niliupika Dubai, kwenye jiko la kuchangia la nyumba tunayokaa Al Quoz, huku mwenzetu mmoja wa Tanga akisubiri zamu yake ya kukaanga samaki na kuniuliza kila baada ya muda kama ile ni dawa. Nilimwambia ndiyo, ni dawa, ili aniache. Sikuwa na hamu ya kumweleza mtu mwenye samaki mkononi habari za eda ya watu wengine.

Sisi tunatoka ng'ambo ya Mto Tana, upande wa vichaka, watu wachache ambao majirani wanatuita kwa jina tusilolipenda. Babu zetu waliishi kwa asali na matunda ya porini, na hata baada ya kusilimu na kujenga nyumba za bati tumebaki na mambo yetu mawili matatu. Moja ni hili la kunazi. Mkunazi kila Mwislamu anaujua, kwa sababu majani yake huoshewa maiti. Sisi tunatumia na tunda lake, lile dogo la mviringo lenye kokwa kubwa kuliko nyama, na tunalitumia kwa mjane. Sheikh wa kwetu husema ni uzushi, lakini husema kwa sauti ya chini, maana mama yake mwenyewe alilishwa.

Desturi yenyewe ni hii. Mjane akimaliza eda, wifi yake, yaani dada wa marehemu, humpikia uji wa kunazi. Wifi akitia asali, maana yake nyumba ya mume bado inamshika: ndugu wa marehemu atamrithi, naye atabaki mke wa pale pale na mama wa watoto wake pale pale. Asipotia, uji unabaki mchachu, na mjane amefunguliwa. Anaweza kwenda aendako na kuolewa na amtakaye, ila watoto ni wa nyumba ile, na yeye akija kuwaona huja kama mgeni. Hakuna anayeonja kabla yake. Hula mbele ya mama mkwe, akaulizwa mtamu au mchachu, na atakalojibu ndilo, asipokanushwa na aliyepika. Sijapata kusikia mjane aliyesema uongo juu ya bakuli lile, na sidhani kuna aliyewahi kuwa na sababu.

Kaka yangu mkubwa alifariki kwa ugonjwa wa tumbo, siku chache tu tangu alipoanza kulalamika. Alifia nyumbani, na alizikwa siku ile ile kabla ya alasiri. Mkewe alikuwa huku. Alipewa habari akiwa ndani ya basi la kampuni, njiani kwenda kusafisha ofisi za watu, na kwa kuwa basi halisimami mpaka lifike, alilia mpaka lilipofika, kisha akashuka. Msimamizi wake alimpa siku tatu. Alipouliza kama anaweza kupewa zaidi, kwa kuwa mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa hukaa ndani, huyo sir alisema pole sana, madam, inshallah tutaona, na maneno hayo kila mtu aliyefanya kazi Dubai anajua yanamaanisha nini.

Kwa hiyo alikaa eda ya kwenye basi. Asubuhi kazini, jioni kitandani kwake kwenye nyumba za wafanyakazi kule Dubai Investments Park, hana hina, hana wanja, hana manukato. Mimi nafungasha manukato kwenye ghala moja la Airport Freezone, na hata nioge vipi harufu hunifuata nyumbani. Nilipokwenda kumwona alikuwa akikaa upande wa pili wa kitanda, karibu na dirisha, akiniomba radhi. Tulikaa hivyo miezi yote minne, mmoja ananuka waridi na mwingine sabuni ya choo, tukizungumza mambo ya bei za vitu.

Hatukuwa maadui. Tulikuwa mawifi, na anayejua neno hilo hahitaji maelezo. Nilimwona mwenye majivuno tangu siku ya harusi, kwa sababu alikuwa amesoma hadi kidato cha nne na alikuwa na tabia ya kunyamaza mtu anapotarajia jibu. Yeye, nasikia, aliniona mkali. Kaka yangu alitupenda wote wawili na hakuona shida yoyote, kama kawaida ya wanaume walioketi katikati.

Mwezi mmoja kabla ya eda kwisha, mama alinitumia asali kwa mkono wa msafiri. Ilikuwa asali nyeusi ya kwetu, ndani ya chupa ya achari, imefungwa kwa plastiki na mpira. Kisha akanipigia simu kwa ile programu inayoruhusiwa huku, akanieleza namna ya kupika, kwa sababu hakuamini kwamba najua, na alikuwa sahihi. Alisema asali niimwage mwishoni, moto ukishazimwa. Hakuuliza kama nitatia. Kwake lilikuwa jambo lililokwisha.

Nataka kumtendea haki mama yangu. Hakuwa akimkomoa mtu. Kaka yangu aliacha mabinti wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa mitano, na wanalelewa na mama tangu mama yao aje kutafuta kazi. Hofu ya mama ilikuwa kwamba wajukuu wake, waliokwisha kufiwa na baba, wasije wakawa na mama wa kuja Idi moja na kukosa Idi mbili. Asali ingemfunga mama yao mahali walipo. Kwamba ingemfunga pia kwa kaka yangu mdogo, mwenye mke na nyumba ya vyumba viwili, mama aliliona hilo kama gharama ya kawaida. Yeye mwenyewe alirithiwa. Aliwahi kuniambia kwamba mume wa pili alikuwa mtu mwema, hakumpiga, na walizungumza kidogo sana kwa miaka kumi na minane.

Jumapili moja wifi yangu akaja Al Quoz bila kunitaarifu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akakataa chai. Alikuwa amekonda kidogo usoni, na mikono yake ilikuwa imebabuka kwa dawa za kusafishia.

"Wifi," alisema, "nipikie mchachu."

Nikamuuliza na watoto je. Akasema atakwenda kwa kadhi akawadai, sheria ya dini inampa haki ya kulea mabinti wadogo, ameuliza. Nikamwambia hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kwenda kwa kadhi baada ya bakuli lile. Akasema anajua. Akasema pia kwamba kaka yangu mdogo ni mtu mzuri tu, hana neno naye, ila alipomfikiria kama mume alihisi kama mtu anayeambiwa avae viatu vya maiti. Halafu akanyamaza kwa ile tabia yake, na mimi nilikuwa nimetarajia aendelee.

Nilimwambia nitaona. Alipoondoka nilimwonea uchungu, na nikakasirika kwa kumwonea uchungu, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi nilipokuwa namwona mwenye majivuno.

Kunazi za bakuli hilo hazinunuliwi, wala hazianguliwi mtini. Huokotwa chini, kwa maelezo kwamba tunda lililoanguka lenyewe limetolewa, na lililoangushwa limenyang'anywa. Dubai mikunazi imejaa. Imepandwa kando ya barabara, kwenye bustani, kwenye kuta za misikiti, kila mmoja na mpira wake wa maji. Machi yote matunda huanguka. Shida ni kwamba huku kitu hakikai chini. Kabla hujageuza shingo, mtu mwenye sare na fagio amekwisha kukipitia.

Nilipata mti mmoja nyuma ya msikiti, jirani na karakana za magari, ambao chini yake kulikuwa na mchanga badala ya matofali, kwa hiyo wafagiaji hawakuufuata sana. Nilikwenda asubuhi ya siku yangu ya mapumziko na mfuko wa nailoni. Nilikuwa nimejaza robo yake hivi, nimeinama, aliponijia mlinzi wa msikiti, mzee wa Bangladesh mwenye ndevu nyekundu za hina. Alinitazama, akanihurumia. Kabla sijasema lolote alikumbatia shina la mkunazi kwa mikono miwili na kuutikisa kwa nguvu zake zote. Kunazi zilinyesha juu ya kichwa changu. Alitabasamu, akaniambia yalla, madam, chukua.

Sasa nitamwambia nini mzee kama huyu? Nilisema shukran, tena nilisema kwa moyo. Lakini zile zilizoanguka zenyewe na zile alizoziangusha zilikuwa zimechanganyika mchangani, na hakuna mtu awezaye kuzitenganisha. Zile za mfukoni zilikuwa halali, ila hazikutosha. Niliokota alizoniangushia ili asihuzunike, nikazila mwenyewe njiani wiki nzima, nikarudi wiki iliyofuata mapema zaidi. Nilipomwona anatoka mlangoni nilimwinulia mkono kutoka mbali, nikasema la, la, baba, khalas, inatosha. Alidhani nimeshiba.

Nilichagua zile ambazo hazijaiva sana, kwa sababu kunazi za huku zikiiva kabisa huwa tamu kwa kunyweshwa maji kila siku, na utamu ambao hukuutia wewe ungeharibu maana yote. Nikazianika kwenye sinia juu ya paa, nimezifunika kwa chandarua. Zikasinyaa, zikawa za kahawia. Huko kwetu zingetwangwa kwenye kinu, taratibu, kwa mchi mwepesi, ili nyama iachane na kokwa bila kokwa kupasuka. Mimi sina kinu. Mashine ya kusagia viungo ingevunja kokwa na uji ungekuwa mchungu, na mchungu si mchachu, hauna maana yoyote kwetu isipokuwa kwamba mpishi hajui kazi. Kwa hiyo niliziloweka usiku kucha, na kesho yake nikazifikicha kwa vidole ndani ya beseni, moja moja, mpaka ngozi za vidole zikawa nyeupe.

Nilikuwa bado sijaamua. Naeleza hivyo kwa sababu mtu anaweza kudhani niliamua siku ile alipokuja. Nilikuwa nafikicha kunazi huku nikifikiri kwamba mama ni mama, na kwamba mimi si kadhi.

Ndipo kaka yangu mdogo akapiga simu. Aliuliza hali yangu, akauliza joto limeanza au bado. Kisha akasema anataka kujua jambo moja, kama wifi akirudi atarudi na mizigo mingi, kwa sababu nyumba ni ndogo na mkewe ameshaanza kulalamika mambo ya kabati. Nikamwambia sijui habari za mizigo yake. Akasema basi nimuulize, na kama ana friji asiilete. Hakuuliza kama ni mzima. Sidhani alikuwa na ubaya. Alizungumza kama mtu aliyeambiwa kuna gunia linakuja, naye anatafuta pa kuliweka.

Nilikata simu, nikachukua ile chupa ya asali nikaiweka nyuma ya mfuko wa mchele, kwenye kabati langu, nikafunga kwa kufuli. Nikachuja maji ya kunazi kwa kitambaa cha kanga, nikayabandika kwenye moto mdogo, nikatia unga wa mtama kidogo, nikakoroga. Ndiyo wakati mwenzangu wa Tanga alipoanza maswali yake. Rangi ya uji ilikuwa ya kahawia iliyoelekea wekundu, na harufu yake ilikuwa ya ukwaju na vumbi la mvua. Niliukoroga mpaka ukashika mwiko. Nilikuwa nimetulia kabisa. Nilijiona nimefanya jambo jema, na hilo huwa halinitokei mara nyingi.

Wifi yangu alikuja baada ya alasiri, amevaa dera jeupe alilonunua kwa ajili ya siku hiyo. Sikumwambia kitu. Desturi inakataza, na sikuwa na haja ya kumwambia, kwa kuwa angejua kwa ulimi wake. Wenzetu walikuwa kazini. Tulikaa sakafuni chumbani kwangu, kati ya vitanda, nikaegemeza simu kwenye ndoo, nikampigia mama.

Mama alikuwa ukumbini, amejifunga leso mpya. Mabinti wawili walikaa mbele yake kwenye mkeka, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Mkubwa alisalimia vizuri kisha akainamia kucha zake, kwa sababu alikuwa na umri wa kuelewa. Mdogo alisogeza uso mpaka tukaona tundu za pua. Mama akamrudisha nyuma, akaomba dua kwa marehemu, tukaitikia amina, kisha akasema haya, mwanangu, kula.

Wifi yangu akala. Kijiko cha kwanza alikishika mdomoni kwa muda. Nilimtazama, na nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua ndoo ya maji. Akanitazama. Katika miaka yote ya uwifi wetu hakuwahi kunitazama vile, na nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi sana. Akala cha pili. Akala cha tatu.

Kabla mama hajauliza, yule mdogo akausogeza uso wake tena mpaka kwenye simu.

"Mama," alisema, "bibi anasema ukila mchachu utakuwa ukija kama mgeni. Mgeni analala wapi?"

Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo. Mama yangu mwenyewe alishtuka, nilimwona, akamvuta mtoto kwa mkono na kumwambia anyamaze. Lakini mtoto alikuwa ameuliza kwa sababu alitaka kujua. Kwa mama wageni hulala chumba cha mbele, chenye mlango wake wa nje, na watoto hawaruhusiwi kuingia humo. Anakijua chumba hicho. Alikuwa anapanga.

Wifi yangu aliweka kijiko ndani ya bakuli. Mama akauliza, kama inavyoulizwa, uji huu ni mtamu au mchachu.

Alinyamaza. Nilidhani ni ile tabia yake.

"Mtamu, mama," akasema.

Mama akapiga vigelegele, mwanamke wa miaka sabini, akalia humo humo. Yule binti mkubwa aliacha kucha zake akainua uso. Mdogo akauliza kama ina maana mama atalala nao, na mama yangu akamwambia ndiyo, ndiyo, atalala nanyi. Mimi sikumkanusha. Ningeweza kusema. Aliyepika neno lake linasikika, na neno moja tu lingemrudishia kile alichokuja kuniomba kwenye ukingo wa kitanda changu. Nilimtazama, naye hakunikataza kwa macho wala kwa mkono. Alikuwa anawatazama wanawe.

Kwetu kinachobaki kwenye bakuli humalizwa na aliyepika, papo hapo, asibakishe. Mama akafuta machozi akanikumbusha. Akasema nisogee nionekane, anataka kuniona nikila, kwa sababu ndiyo mara yangu ya kwanza na haniamini kwa upishi.

Nikachukua bakuli. Uji ulikuwa mchachu kiasi cha kukaza taya. Niliula kijiko kwa kijiko, macho kwenye simu, na mama akaniuliza kama asali aliyotuma ilitosha.

"Imetosha, mama," nikasema.

Akasema niendelee, bado anaona kilichobaki. Nikala mpaka kijiko kikagonga chini, uso wangu umetulia, na wifi yangu, ambaye tangu saa ile alikuwa mke wa kaka yangu mdogo, akanishikia simu isitikisike.